Mkono wa Taifa

Haya, sogeeni. Wenye masikio wasikie, na wenye vyeo wajifanye hawasikii, maana ndiyo kazi waliyoajiriwa. Nchi nitakayoitaja iko mbali, mbali mno, hata kunguru hawajafika huko. Kwa hiyo mtu akijiona humu ndani, ajue macho yake yana kasoro, asije akanishika mimi shati.

Nchi yenyewe ni Jamhuri ya Shwari. Kiongozi wake, Mtukufu Baba wa Shwari, aliwahi kusema kwenye hotuba moja kwamba raia wake ndio watu watulivu kuliko wote duniani. Na kwa kuwa Mtukufu hasemi uongo, kilichobaki kilikuwa kutafuta ushahidi tu. Tatizo likawa hospitali. Huko kulikuwa na vile vipimo vya presha vya zamani: unafungwa kitambaa mkononi, kinapulizwa upepo mpaka mkono unabanwa, zebaki inapanda kwenye kioo, nesi anasikiliza mapigo kwa mpira wa masikioni. Kipimo kile hakikuwa na adabu hata chembe. Kilimwambia waziri kwamba ana presha ya kupanda vilevile kama kilivyomwambia mbeba mizigo wa sokoni.

Waziri wa Afya alipopimwa yeye mwenyewe na kuambiwa apunguze nyama na hasira, alisimama bungeni na leso mkononi. "Waheshimiwa," akasema, "serikali hii sikivu haiwezi kuendelea kuwabana wananchi mikono!" Wabunge wakapiga meza mpaka gilasi zikaruka. Vipimo vyote vikakusanywa, vikafungiwa stoo ya hospitali kuu, na nje ya nchi zikaagizwa bangili.

Tuseme haki: bangili zilikuwa nzuri. Nyepesi, nyeupe, hazibani wala hazipulizwi. Kila moja ilikuwa na kijitaa kinachomulika ngozi, kinaitazama damu ikipita, kisha bangili inakisia presha. Mambo yakiwa mazuri kioo chake ni kijani, yakiharibika ni chekundu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu walipanga foleni kuvishwa, na ambao hawakupanga foleni walifuatwa majumbani wakavishwa huko huko.

Palikuwa na kijambo kimoja tu, kilichoandikwa kwenye maelekezo kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Bangili ile haijui presha ya mtu mpaka iambiwe. Lazima mvaaji apimwe kwanza kwa kile kipimo cha kubana, bangili iambiwe "huyu yuko hapa," ndipo nayo ianze kukisia kama amepanda au ameshuka. Tena irudiwe mara kwa mara, maana bangili husahau. Na kila mtu kwa mkono wake mwenyewe.

Kila mtu! Wakubwa wa Mamlaka ya Utulivu wa Damu wakashika vichwa. Vipimo viko stoo, na mtunza stoo amekwenda na ufunguo kwenye semina ya utunzaji wa funguo. Ndipo akainuka Profesa Ndimbo, mkurugenzi wa Mamlaka, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kutokea humo tumboni.

"Ndugu wajumbe," akasema, "hivi bungeni tunaingia wote? Hatuingii. Tunamtuma mmoja. Anasema kwa niaba yetu, anakula kwa niaba yetu, anasinzia kwa niaba yetu. Sasa kama mtu mmoja anawakilisha jimbo zima kwa mdomo, atashindwaje kuliwakilisha taifa kwa mkono?"

Jamani, kuna watu wamezaliwa na akili! Wakampigia makofi, wakavunja kikao, wakaenda kuutafuta mkono huo.

*

Waliupata kwa Mzee Chande, refa mstaafu. Maisha yake yote mzee huyu aliyamaliza katikati ya uwanja akitukaniwa mama, baba, na wajomba asiowajua. Ujanani moyo ulikuwa ukimruka, baadaye ukachoka kuruka. Walipompima kwenye viwanja vya maonyesho, kipimo kilisema mia na ishirini kwa themanini, ile namba wanayoipenda madaktari. Wakamwambia nyumba yake inaungua. Akauliza, "Upande gani?" Wakampima tena, namba ile ile. Wakamtukana kwa zamu, idara moja baada ya nyingine, na mwanasheria wa Mamlaka akatukana kwa vifungu. Namba haikusogea. Profesa Ndimbo akamkumbatia, machozi yakamtoka.

Hakuna aliyemuuliza kitu kingine. Mkewe Mzee Chande, Bi Mwanahawa, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti yao wa pekee, Mwanaidi, alikuwa ameolewa upande wa pili wa mji. Mzee alikuwa akiamka, anachemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, anakunywa kikombe kimoja, cha pili anakimwaga. Wao waliona mtu mtulivu. Mimi naona mtu aliyekosa wa kumrukia moyo, lakini mimi si mtaalamu.

Walipomwambia kwamba atakuwa Mkono wa Taifa, alikubali upesi. Alidhani penye taifa zima hapatakosa mtu wa kuzungumza naye.

Wakampandisha kilimani, kwenye Nyumba ya Utulivu, yenye kuta nene na mazulia ya kumeza nyayo. Kila alfajiri nesi mmoja, Nesi Kalunde, alimfunga kitambaa na kusikiliza mapigo kwa kipimo pekee cha zamani kilichoachwa nje ya stoo. Na kwa kuwa maelekezo yalitaka wasikilizaji wawili kwa wakati mmoja, ili mmoja asije akadanganya, mpira wa kusikilizia ulikuwa na pacha wake, na kwenye pacha huyo aliketi Afande wa usalama. Wakikubaliana, Afande anaitamka namba kwenye kipaza sauti, mitambo inairusha hewani, na bangili zote za nchi zinaambiwa, "Mvaaji wako yuko hapa." Basi taifa zima linaamka na presha ya Mzee Chande. Mchimba kisima, bi harusi, mgonjwa wa figo, Mtukufu mwenyewe, wote.

Mkono wa namna hiyo hauwezi kuachwa uzurure. Akakatazwa chumvi, pilipili, kahawa, redio, mpira, na habari za aina yoyote, nzuri au mbaya. Mpishi alikatazwa kumsemesha. Walinzi walikatazwa kupiga chafya karibu naye.

Siku za mwanzo Mwanaidi aliruhusiwa kuja. Alikuwa akileta kachori zisizo na pilipili na umbeya wenye pilipili. Siku moja akamsimulia jinsi mumewe alivyofukuzwa na bata mzinga kwao, mbele ya wageni, kanzu mkononi. Mzee Chande akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaomba maji, akacheka tena. Bahati mbaya siku hiyo kulikuwa na kipimo cha nyongeza cha mchana, wakampima muda mfupi baadaye, damu ikiwa bado inacheka. Bangili zikalia mji mzima. Mtukufu akaamshwa usingizini. Profesa Ndimbo akafika anahema, jasho linamchuruzika.

"Mzee, umecheka?"

"Nimecheka, Profesa."

"Na taifa je? Umelifikiria taifa?"

Ziara zikafutwa. Toka siku hiyo Profesa mwenyewe akawa analeta salamu kila wiki. "Binti yako hajambo," anasema, koti halijavuliwa.

"Amesema nini kingine?"

"Amesema hajambo."

Upweke ni mdudu, jamani. Huingia taratibu, na ukiambiwa ni heshima huwezi hata kuulalamikia. Mzee Chande akaanza kumsalimia chura wa bafuni. Akajua nyayo za mpishi, akawa anasubiri zipite mlangoni apate kukohoa, labda mpishi naye atakohoa. Mtu pekee aliyemgusa kutwa nzima ni Nesi Kalunde, wakati wa kufunga kile kitambaa. Nesi hakuruhusiwa kusema zaidi ya "Tulia, mzee," na "Tayari, mzee," lakini vidole vyake vilikuwa vya moto, vya mtu aliyetoka kushika kikombe cha chai nyumbani kwake, kwenye watu. Mzee alikuwa akiomba kimoyomoyo kitambaa kikwame.

*

Huko chini mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Ilitungwa sheria kwamba mlango wa hospitali hufunguliwa na bangili: nyekundu ingia, kijani rudi nyumbani ukajenge taifa. Kwa kuwa wote walikuwa kijani, wodi zikabaki tupu, vitanda vikapata vumbi, Mtukufu akapata nishani. Waliokuwa wakianguka barabarani waliendelea kuanguka, ila sasa walianguka wakiwa na presha nzuri.

Sifa zikavuka mipaka, na wataalamu wa nje wakaja kushuhudia Jaribio la Usahihi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Ukumbi wa Nyumba ya Utulivu ukapambwa kwa vitambaa. Mzee Chande akaketishwa kwenye kiti chenye mito, mkono juu ya meza ya velveti, kitambaa kimefungwa. Wananchi wakapangwa mstari, kila mmoja na bangili yake. Jaribio lilikuwa rahisi: Nesi na Afande wanapima Mkono, kisha karani anapita mstarini akisoma bangili kwa sauti, kuona kama zinakubaliana nao.

"Mia na ishirini kwa themanini!" akasoma karani. Akasogea. "Mia na ishirini kwa themanini!" Akasogea. Bwana mmoja alikuwa anatokwa damu puani, lakini bangili yake haikuwa na neno. Bwana akaondolewa kwa kuchafua zulia, bangili ikahesabika imefaulu.

Mgeni mmoja, mama mwembamba mwenye miwani, akainua mkono. "Sijawahi kuona kifaa kinachokubaliana na kipimo kiasi hiki," akasema. "Lakini samahani, watu wote hawa wana presha moja?"

"Mama," Profesa Ndimbo akajibu kwa unyenyekevu mkubwa, "huo ndio umoja wetu wa kitaifa."

"Je, hatuwezi kumpima mmoja wao kwa kitambaa, kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kitambaa ni kimoja, na kina mwenyewe. Chai iko tayari."

Ilikuwa chai kweli, na sambusa za nyama. Wageni wakainuka. Yule mama aligeuka mara mbili kuangalia mstari, kisha akashikwa kiwiko kwa heshima na kuongozwa penye sambusa.

Ndipo Mzee Chande alipomwona mwanamke mjamzito mwishoni mwa mstari, ameegemea ukuta. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari, na miguu imejaa mpaka kandambili zimeingia kwenye nyama. Hakumjua. Alimjua aliposema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba... Mwanaidi? Mwanangu! Mbona uko hivi?"

"Nimeomba niwekwe mstarini nipate kukuona." Alikuwa anasema polepole, mkono kwenye paji la uso. "Kichwa kinaniuma, baba, hakiachi. Naona nyota nyota. Hospitali nimekwenda mpaka wamenichoka, getini wananirudisha. Wanasema kijani, kijani, nenda nyumbani. Naogopa, baba."

Mzee akataka kuinuka, kitambaa kikamvuta. Afande akaingia katikati yao, akamwelekeza Mwanaidi mlangoni bila kumgusa, kwa adabu kabisa. Mzee akamgeukia Nesi Kalunde. Nesi alikuwa ameiona ile miguu, na sasa alikuwa anaangalia ukutani.

"Nini kile, mwanangu? Niambie."

Nesi alisubiri Afande afike mlangoni. "Presha, mzee. Kifafa cha mimba kinamnyemelea. Mjamzito akiwa hivyo anatakiwa alazwe leo. Leo hii."

*

Alimfuata Profesa Ndimbo mezani, kitambaa kinaning'inia mkononi, hewa imeshatoka. Watu wakageuka kuona Mkono unatembea.

"Profesa, binti yangu anaumwa. Naomba apokelewe hospitali."

Profesa alimeza sambusa kwanza. "Bangili yake inasemaje?"

"Kijani. Lakini amevimba, haoni vizuri."

"Mzee wangu, tuelewane. Bangili ya binti yako inasoma kutokana na nini? Na mkono wako. Binti yako anatembea na presha yako wewe, ambayo ni nzuri, tumeipima mbele ya wageni. Sasa ukisema binti ni mgonjwa, unasema wewe ni mgonjwa. Wewe ukiwa mgonjwa, taifa ni gonjwa. Na Mtukufu amesema taifa liko shwari. Unaona unakoelekea?"

"Profesa, ni mwanangu."

"Sheria haina mwana. Bangili ikiwa nyekundu, mlango wa hospitali unajifungua wenyewe, hata mimi siwezi kuuzuia. Karibu sambusa. Aa, samahani, umekatazwa chumvi."

Mzee Chande akarudi chumbani kwake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akakaa kitandani akiutazama mkono wake, mkono mwembamba wenye mvi, akauchukia. Kumbe kule kutulia kwake ndiko kulikokuwa kumemfungia mtoto wake mlango. Basi njia ilikuwa moja: kesho alfajiri presha ipande, ipande kweli, kwa sababu Nesi peke yake angeweza kudanganya lakini Afande na pacha wake wa mpira asingekubali.

Lakini mtu hupandaje kwa makusudi? Alijaribu kukasirika. Alisimama mbele ya kioo akajitukana matusi yote aliyowahi kutukanwa uwanjani, na alikuwa ameyahifadhi mengi. Moyo ukayasikiliza kama marafiki wa zamani. Alikimbia papo kwa papo juu ya zulia mpaka akachoka, akalala, akaamka damu imetulia tena. Akajikumbusha maneno ya watu kwamba mwenye kubana mkojo presha humpanda, akaubana.

Alfajiri Afande alimtazama usoni akasema, "Kajisaidie kwanza, mzee." Alikuwa amesomea. Mzee aliporudi akakunja mguu juu ya mguu. "Miguu chini." Akauinua mkono kidogo toka mezani. "Mkono uegemee." Akafungua mdomo aseme chochote, maana kusema nako hupandisha. "Kimya, mzee. Tunatulia kwanza." Wakatulia. Nesi Kalunde akafunga kitambaa, na safari hii vidole vyake vilikuwa baridi. Akapuliza, wakasikiliza wote wawili.

"Mia na ishirini kwa themanini," Nesi akasema.

"Rudieni," Mzee akaomba. "Maelekezo yanaruhusu kurudia."

Yaliruhusu kweli. Upepo ukatolewa, wakasubiri. Wakati huo akaingia Profesa Ndimbo, amekuja mapema kuhakikisha kwamba mambo ya jana hayakuacha doa. Alipomwona mzee ametulia, akafurahi, na furaha ya Profesa haikuwahi kukaa bila hotuba.

"Unaona, Afande? Ndiyo maana tulimchagua. Wenzake wote tuliowapima walikuwa na matatizo. Huyu ana mke, yule ana wajukuu, mwingine ana rafiki wa bao. Mtu mwenye watu hafai kwa kazi hii. Mzee wetu huyu hana mtu!"

Hana mtu. Mzee Chande alilisikia neno lile likiingia. Na kweli alikuwa ameliamini, alikuwa amejifunza kuliamini ili siku zipite. Kila jioni picha ya Mwanaidi ilipokuja aliisukuma nje, kwa sababu ikikaa inauma, na kuumwa kumekatazwa. Sasa akaiacha iingie. Akamwona akiwa mtoto wa shule ya msingi, amening'inia kwenye uzio wa uwanja, sare imechafuka vumbi. Huku wanaimba matusi, kule wanarusha chupa, na yeye peke yake katika uwanja mzima anamshangilia refa. "Baba! Baba! Baba!" Timu ngapi zilikuwa na mashabiki? Yeye alikuwa na mmoja, na huyo mmoja sasa hivi yuko chini ya kilima, anaona nyota mchana, na anaogopa.

Moyo uliokuwa umechoka kuruka ukaruka. Ukaruka tena. Machozi yakamtoka mzee wala hakuyafuta, kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa mali ya serikali na wa pili ulikuwa umeng'ang'ania kiti. Nesi akapuliza kitambaa. Zebaki ikapanda, ikapita pale ilipozoea, ikaendelea kupanda. Wasikilizaji wawili wakatazamana.

"Mia na tisini kwa mia na kumi na tano," Nesi Kalunde akasema.

"Nimesikia hivyo hivyo," Afande akasema.

"Usiitangaze!" Profesa akapiga kelele. "Afande, nakuamuru, usi..."

Lakini Afande alikuwa mtu wa amri, na amri aliyopewa siku ya kwanza ilisema namba ikisikika na wawili itamkwe hapo hapo, asisikilizwe mtu yeyote, hata mkurugenzi. Amri hiyo aliitunga Profesa Ndimbo. Afande akaitamka namba kwenye kipaza sauti, silabi kwa silabi.

*

Lahaula! Kitu kilichofuata simwombei hata adui. Nchi nzima ikawa nyekundu. Mtukufu alikuwa anapiga mswaki, akaangalia mkono, akaanguka na mswaki wake. Mawaziri waliokuwa wazima kama vigongo wakapiga mayowe kuaga wake zao, wengine wakakosea majina. Profesa Ndimbo akaitazama bangili yake, akasema "Mama yangu nakufa," akakimbilia gari. Walinzi wa Nyumba ya Utulivu nao wakajitazama mikono, wakatupa virungu, wakateremka kilima mbio kwenda hospitali. Geti likabaki wazi, halina mtu. Mzee Chande akatoka, kitambaa bado mkononi, Nesi Kalunde amemshika kiwiko.

Hospitali kuu ilikuwa haijaona mgonjwa muda mrefu, na sasa ilikuwa imeona taifa. Wakubwa walikuwa wameshafika, kama kawaida yao ya kutangulia kwenye shida za wengine. Waziri wa Afya alikuwa amejilaza kitanda cha dirishani, viatu vyote miguuni. Madaktari walihangaika kidogo kusoma bangili, wakaona upuuzi, maana zote zilisema maneno yale yale. Wakavunja mlango wa stoo. Vile vipimo vya zamani vikatoka na vumbi lake, na watu wakaanza kubanwa mikono mmoja mmoja, wazima wakifukuzwa, wagonjwa wakibaki. Waziri alifukuzwa akiwa analia kwamba apimwe tena.

Mwanaidi alipatwa na degedege kwenye foleni, nje ya geti, kabla hajafikiwa. Watu wasiomjua wakambeba juu juu mpaka ndani. Mzee Chande alipofika, mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa. Akakaa sakafuni ukutani, katikati ya watu waliojaa ukumbi. Mtu akamkanyaga mguu, akaomba radhi. Mama mmoja akamuuliza unamsubiri nani baba, akamjibu, wakasubiri wote. Muda mrefu hakuwa amekaa karibu na watu namna ile.

Daktari akatoka jua likiwa limeshachwea. "Nani ndugu wa Mwanaidi?"

"Mimi."

"Mama yuko hai, mzee. Mtoto hatukumuwahi." Daktari akavua kofia ya kazi, akaiminya mkononi. "Angeletwa hata jana."

Jana walikuwa wanakunywa chai. Mzee Chande alilia kwa sauti, pale pale mbele za watu, na yule mama akampa ncha ya kanga yake ajifutie.

*

Msidhani serikali ililala. Asubuhi iliyofuata Mamlaka ya Utulivu wa Damu ilitangaza ushindi. Bangili zimefaulu Jaribio la Usahihi kuliko wakati wowote, ilisema taarifa, kwa sababu Mkono ulipopanda nazo zilipanda zote kwa pamoja, hata moja haikusita. Aliyeharibu ni Mkono, ambaye anatafutwa kwa kosa la kupanda bila kibali. Waliotumwa kumtafuta, hata hivyo, walikuwa wanamfahamu toka kiwiko mpaka vidole tu, na hospitali ile ilikuwa na mikono mingi.

Akatafutwa mrithi asiye na mtu kabisa, na safari hii Profesa Ndimbo hakutaka kubahatisha. Wakachagua sanamu ya shaba ya Mtukufu iliyoko kwenye mzunguko wa barabara, ambayo haina binti, haicheki, wala haina pa kwenda. Nesi mpya akapanda ngazi akaifunga kitambaa, Afande mpya akasikiliza pamoja naye. Wakasikia kimya kikubwa, na wakakubaliana bila ubishi kwamba ni mia na ishirini kwa themanini. Namba ikarushwa hewani.

Wodini bangili zikageuka kijani kitanda hadi kitanda. Haukupita muda akaingia karani wa Mamlaka, suti imenyooka, sura ina furaha ya mtu aliyetumwa kutoa habari njema.

"Kijani, hongera, nyumbani. Kijani, hongera, nyumbani." Mzee mmoja mwenye kupooza akaanza kutafuta viatu. Karani akafika kitanda cha Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa amegeukia ukutani, mkono mmoja juu ya tumbo lililobaki tupu, mabega yanatikisika bila sauti. Karani akauchukua mkono wa pili, akaisoma bangili, akatabasamu.

"Kijani. Hongera, mama, umepona. Nyumbani."

Mzee Chande akainuka kwenye kiti. Akaufungua mkono wa mwanawe kutoka kwenye vidole vya karani, akaushika yeye. Bangili aliivua, akamrudishia karani.

"Mpimeni," akasema.

"Ameshapimwa, bwana. Kifaa ni sahihi, kimejaribiwa."

"Mpimeni mkono wake yeye. Huu hapa. Hatoki mtu hapa mpaka apimwe mkono wake."

Yule mwenye kupooza akaacha kutafuta viatu. Karani akamtazama mzee toka juu mpaka chini, kanzu ya kuazima, macho mekundu, hana beji wala cheo.

"Na wewe ni nani hapa?"

"Baba yake," akasema Mzee Chande, na ule mkono hakuuachia.